Kompyuta Iliyosikia Mtu Mmoja

Siku Venance alipowatangazia wakalimani wake kwamba atawabadilishia kompyuta, hakuna aliyesikitika. Zile za zamani zilikuwa zimechoka vibaya. Moja ilivuma kama feni ya dukani, nyingine ilizimika mara tu ikichomolewa kwenye umeme, na ya Polycarpe kule Buffalo ilikuwa imefungwa bawaba kwa selotepu. Lakini aliposema kwamba mpya amekwisha kuichagua, na kwamba ni ile laptopu ya daraja la juu ambayo matangazo yake yalikuwa yameenea kila mahali tangu baridi iishe, watu wote kwenye kikao cha video walisogelea skrini zao.

"Ile ya mabosi?" mtu mmoja akauliza.

"Ile ya watu wa kazi," Venance alijibu. "Wameitengeneza kwa ajili ya wataalamu. Na sisi ni nani kama si wataalamu?"

Polycarpe, mkalimani mkongwe mwenyeji wa Bukavu, Kongo, aliyehamia Cheektowaga, nje kidogo ya Buffalo, alijikuna kidevu. "Bon, mi sikatali," alisema. "Lakini mama Eliaichi aitumie kwanza. Akisema iko muzuri, tutaikamata wote."

Wengine wakaafiki, na Venance hakuwa na ubishi. Eliaichi ndiye aliyekuwa mzani wa kampuni. Alikuwa mwanamke wa Machame aliyeishi Louisville, Marekani, kwa miaka mingi, mwenye sauti nzito kidogo na tabia ya kunyamaza kabla ya kujibu. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya skrini nyumbani kwake huku daktari wa mji mwingine akizungumza na mgonjwa, naye akiwa katikati, akichukua Kiingereza cha huyu na kukifikisha kwa yule kwa Kiswahili, kisha kurudi. Kampuni ilikuwa na ofisi Columbus, na ilihudumia kliniki, shule na mahakama za Louisville, Columbus na Buffalo. Mteja akiwa mgumu, alipelekewa Eliaichi.

Hakuwa mtu wa kuyumbishwa. Inasimuliwa kwamba muuzaji mmoja wa magari alimsifia gari mpaka mate yakamkauka, naye akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa upole, "Haya, sasa tunyamaze wote tuisikilize injini."

Laptopu ilifika asubuhi, ndani ya boksi jeusi lililofunguka taratibu kama kabati la vyombo vya wageni. Ilikuwa nyembamba, ya rangi ya majivu, na nyepesi kiasi kwamba Eliaichi aliiinua kwa mkono mmoja, akaishusha, akaiinua tena. Bintiye Catherine, aliyekuwa nyumbani kwa likizo ya chuo, alipita na kikombe cha chai, akaitazama, akamwambia mama yake kwa Kiingereza kwamba ilikuwa nzuri kuliko gari lao.

"Gari letu halijawahi kunizimikia njiani," Eliaichi alimjibu kwa Kiswahili. "Hii bado hatujajua."

Aliianza kazi akiitafutia kasoro, na siku za kwanza hakupata ya maana. Mchana, alipokuwa hana wagonjwa, alitafsiri barua za shule kwa wazazi, kazi ya kuandika saa nyingi mfululizo, na vidole vyake havikuuma kama vilivyouma kwenye ile ya zamani. Vitufe vilibonyea kidogo tu na kuitikia. Aliitumia jikoni, akahamia nayo barazani, akaenda nayo kumsubiri Catherine kwa daktari wa meno, na chaja ikabaki droani bila kuitwa. Skrini nayo ilikuwa kitu kingine. Alizoea kuwaona wagonjwa kama watu walio nyuma ya pazia la mvua. Sasa aliona mpaka uzi uliolegea kwenye kola ya shati.

Kilichomuudhi kilikuwa matundu. Laptopu ilikuwa na mawili tu, madogo, na plagi ya hedifoni zake za waya, alizozitumia miaka yote, haikuingia kwenye lolote. Aliagiza adapta, lakini kabla haijafika akajaribu kufanya kazi kwa spika na maikrofoni za kompyuta yenyewe, kwa kuwa ndizo zilizosifiwa zaidi kwenye matangazo. Akashangaa. Sauti za madaktari zilimjia safi kama watu waliokaa naye meza moja. Masikio yake hayakubanwa tena na yale mapira. Adapta ilipofika aliiweka kando, akaendelea bila hedifoni.

Baada ya wiki mbili hivi kampuni ilikuwa na mkutano wake wa mwaka Buffalo, siku ya Jumamosi, na hapo ndipo Eliaichi alipotakiwa atoe neno lake. Alipanga aende kwa gari, apitie Columbus amsalimie Venance na mkewe Josephine, kisha alale kwa Polycarpe. Aliondoka Louisville akiwa na laptopu kwenye kiti cha abiria, na moyoni jibu alikuwa nalo tayari.

"Shikamoo dada," Venance alimpokea mlangoni.

"Marahaba mdogo wangu. Naona umenenepa. Josephine anakutunza."

Josephine alikuwa amepika ndizi na maharage, na walipokwisha kula Venance hakuweza kujizuia tena. Aliiweka ile laptopu juu ya meza ya jikoni, akamwomba Eliaichi aende nje na simu yake na kufunga mlango, akampigia video. Kisha akawasha blenda karibu kabisa na kompyuta.

"Unanisikia?"

"Nakusikia vizuri. Kwa nini?"

"Njoo uone."

Eliaichi aliporudi jikoni kelele ya blenda ilimpiga usoni. Josephine alikuwa ameziba masikio, akicheka. Kwenye simu haikusikika hata chembe.

"Umeona?" Venance alisema, akiizima. "Sasa nikueleze kwa nini nimeipenda. Kuna kliniki mbili zimenilalamikia mwaka huu. Mkalimani anatafsiri, huku nyuma mtoto analia, au mbwa wa jirani anabweka. Daktari mmoja alisema alimsikia mume wa mkalimani akikoroma. Watu wetu wanafanyia kazi majumbani, dada. Siwezi kuwaambia wasizae na wasilale. Lakini hii inachuja kila kitu. Inachuja inayotoka kwako, na inayoingia pia. Unabaki na sauti ya mtu tu."

"Na inayoingia pia?"

"Ndiyo. Kule kliniki wakipitisha mkokoteni, wewe husikii. Imewashwa tangu kiwandani, huna haja ya kugusa chochote."

Eliaichi aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Hilo lilieleza usafi wa sauti alioufurahia. "Kizuri chajiuza," alisema, na Venance akacheka kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi kabla haijasikilizwa. Alimwambia kwamba naye angefuata Buffalo kesho yake mchana, na kwamba muuzaji anamsubiri Jumatatu.

Siku ya pili yake, Ijumaa, Eliaichi alikuwa kwa Polycarpe Cheektowaga. Alikuwa amefika jana yake jioni, akapokewa kwa samaki na bugali, ugali wa kwao Kongo, akaoneshwa chumba. Polycarpe alikuwa ametoka mapema kwenda kumkalimania mtu mahakamani, na nyumba ilikuwa tulivu isipokuwa ndege zilizopita chini zikielekea uwanjani. Eliaichi alifungua laptopu kwenye meza ya chakula, akavaa blauzi yake ya kazi, akajiweka hewani.

Simu iliyoingia ilitoka kliniki ya upande wa magharibi wa Buffalo. Daktari, mwanamke kijana mwenye miwani, alikuwa na mgonjwa mzee aitwaye Bagula, mzaliwa wa Kivu, ambaye moyo wake ulihitaji dawa ya kuzuia damu isigande. Alikuwa na uvimbe mgongoni. Haukuwa wa kutisha, lakini daktari alitaka kuukata wiki iliyofuata. Nyuma ya mzee, kwenye kiti kilichogusa ukuta, alikaa mkewe Bulonza, kitenge kimefungwa kichwani, mkoba mapajani.

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Daktari alieleza, Eliaichi akafikisha, mzee akaitikia kwa adabu.

"Mwulize," daktari alisema, "mbali na dawa tulizompa sisi, kuna dawa nyingine yoyote anayotumia? Hata ya dukani?"

Eliaichi aliuliza.

"Hapana, mama," Bagula alijibu. "Niko nakunywa za hapa tu. Sina ingine."

Eliaichi akafikisha kwa Kiingereza. Daktari akageukia kompyuta yake na kuanza kuandika, akisema kwamba basi wataacha ile dawa ya damu siku chache kabla ya kukata, na mambo yatakuwa sawa.

Hapo ndipo Eliaichi alipoona midomo ya Bulonza ikitembea.

Skrini ilikuwa kali mno kiasi cha kutodanganya. Yule mama alikuwa akizungumza. Alikuwa ameinama mbele kidogo, anamtazama daktari kisogoni, na mkono wake mmoja ulikuwa ukisugua goti. Kisha akaunganisha vidole viwili, akavipeleka mdomoni kama mtu anayemeza kitu. Mzee Bagula hakugeuka. Na katika chumba cha chakula cha Polycarpe hakukuwa na sauti yoyote isipokuwa ya daktari, safi, ya karibu, ikitaja tarehe.

Eliaichi alifikiri kwanza kwamba mama anajisemea kimoyomoyo, au anasali. Lakini mikono haikuwa ya sala. Akainua mkono wake mbele ya kamera.

"Mkalimani anaomba tusimame kidogo," alisema kwa Kiingereza, akijiita mkalimani kama kazi inavyotaka, kisha akarudia kwa Kiswahili ili wote waelewe. "Mama aliyeketi nyuma anazungumza, na sauti yake haimfikii mkalimani. Mkalimani anaomba mama asogee mbele, arudie."

Daktari akageuka. Bulonza akasogea, akiwa na haya kidogo, akaanza upya. Mumewe naye, akitaka kumkatiza, akaanza kusema wakati huohuo. Eliaichi akasikia sauti ya mzee tu, imenyooka, kama vile mkewe amefungwa nyuma ya kioo. Mama alikuwa amesimama kando yake, bega kwa bega, mdomo unafunguka na kufungika.

Sasa alielewa. Alitafuta mipangilio ya sauti, akaipata ile alama ya kuchuja, akaizima upande wa kuingia.

Chumba kizima cha kliniki kikaingia nyumbani kwa Polycarpe. Kiyoyozi kilivuma. Nje ya mlango magurudumu yalipita yakikwaruza. Mtoto alikohoa mahali fulani. Na katikati ya vyote hivyo, sauti ndogo, kavu, ya mwanamke aliyekwisha kuchoka kurudia:

"...nasema tangu mwanzo. Huyu anakunywaka dawa ingine ya magoti. Kila asubui. Alipewa na rafiki yake wa ku kazi, chupa mzima. Mi namwambia ambia docteur, yeye anasema ile si dawa."

"Ile si dawa," Bagula alisema. "Ile ni ya kunisaidia kutembea tu."

"Donc unaimeza na maji kama nini, kama bonbon?"

Eliaichi aliyafikisha yote, ya mke na ya mume, hata lile la peremende, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kufikisha. Daktari aliacha kuandika. Aliuliza jina la dawa. Bulonza akafungua mkoba wake, akatoa chupa, akaishika karibu na uso wa daktari. Ilikuwa dawa ya maumivu ya kawaida kabisa, inayouzwa bila cheti cha daktari, na ikichanganywa na ile ya kuzuia damu isigande ingeweza kumfanya mzee atokwe na damu isiyozuilika, iwe siku ya kukatwa au siku yoyote nyingine. Daktari aliahirisha upasuaji, akaagiza kipimo cha damu palepale, kisha akamgeukia Bulonza.

"Mwambie mama nashukuru kwamba hakunyamaza."

Eliaichi akamwambia. Bulonza akaitikia kwa kichwa na kurudi kwenye kiti chake, na safari hii daktari alimwomba akivute mbele.

Simu ilipokatika Eliaichi alijiondoa hewani. Alisimama dirishani akitazama barabara tulivu ya Cheektowaga, gari la barua likipita nyumba hadi nyumba. Kuhusu mzee Bagula hakuwa na wasiwasi tena. Yule alikuwa mikononi mwa daktari wake. Aliwaza wale wengine. Kwa wiki mbili alikuwa amefurahia sauti safi. Ni watu wangapi walikuwa wamekaa nyuma ya hizo sauti, wakisema, naye hakujua kwamba kuna la kusikia? Alikumbuka mwanamume mmoja wa Columbus aliyekuwa amesimama nyuma ya mkewe, na jinsi alivyodhani ni mtu mkimya.

Alimpigia Venance, aliyekuwa tayari barabarani. "Ukifika Buffalo usiende hotelini," alimwambia. "Tukutane Grant Street, pale Wakongo wanapouza sombe, kile kisamvu chao. Nina neno."

Venance alifika mchana akiwa na njaa na tabasamu. Mkahawa ulikuwa na meza chache na friji la soda, na mwenye mkahawa aliwaletea sahani bila kuulizwa. Eliaichi alimwacha ale kidogo, kisha akamweleza kila kitu bila kuongeza wala kupunguza. Hakumtaja mgonjwa jina. Alipomaliza Venance alikuwa ameweka uma chini.

"Lakini umeizima," alisema. "Basi limekwisha. Tutawaambia watu wote waizime."

"Hilo ndilo la kwanza. La pili ni zile kliniki nilizozihudumia kwa wiki mbili. Lazima tuwaambie."

"Tuwaambie nini?"

"Kwamba mkalimani wenu alikuwa akisikia mtu mmoja kwa wakati mmoja. Kwamba kama kuna ndugu aliyekuwa chumbani akasema jambo, huenda halikufika. Wao watajua ni nani wa kurudiwa."

Venance alijipangusa mdomo polepole. "Dada, nakuheshimu. Unajua hivyo. Lakini fikiria wanavyotuona. Tayari wamelalamika kelele. Leo tuwaambie tulizidisha ukimya? Watasema hatujui kazi."

"Wakisema, watasema kweli kwa wiki mbili. Kwa miaka mingine yote watakuwa wamekosea." Alisema bila kupandisha sauti. "Venance, mimi nimekaa kwenye vyumba vya watu wanaoumwa kwa muda mrefu. Familia zetu haziendi hospitali mtu mmoja mmoja. Anakuja mke, anakuja shangazi, anakuja mama mkwe. Anayeumwa ndiye anayeficha. Anayejua ukweli amekaa ukutani na mkoba. Mashine hii inachagua sauti moja, inaiita mtu, na zilizobaki inaziita kelele. Huko kwenye mikutano ya mabosi labda ni sawa. Kwetu sisi yule wa nyuma ndiye kazi yenyewe."

"Na wakivunja mkataba?"

"Basi nitakwenda kukaa mbele yao, niwaeleze mwenyewe. Sijawahi kumwogopa mtu kwa sababu ya kumwambia kweli, na sioni kwa nini nianze leo."

Venance alikuwa mtu mwenye haraka, lakini hakuwa mtu mbaya, na kampuni hii alikuwa ameianzisha baada ya kumwona mama yake mdogo akitibiwa kwa ishara za mikono kwa kukosa mkalimani. Akaitoa simu mfukoni. "Tuanze na Columbus," alisema. "Kabla hawajafunga ofisi."

Walikaa ndani ya gari la Venance, limeegeshwa mbele ya duka la kutuma pesa, wakapiga simu mchana ule wote. Eliaichi ndiye aliyezungumza. Alieleza kwa ufupi, akaomba radhi mara moja tu, akajibu maswali. Msimamizi mmoja wa Louisville alikasirika na kutaka ahadi ya maandishi. Mwingine alimshukuru, akasema kwa unyonge kwamba kompyuta zao wenyewe huenda zinafanya vivyo hivyo na angeziangalia. Kliniki ya Columbus iliamua kurudia mahojiano mawili wiki iliyofuata. Ya kwanza hayakuwa na kitu. Shangazi wa mgonjwa alikuwa akiuliza gari liegeshwe wapi. Ya pili yalikuwa ya yule mwanamume aliyedhaniwa mkimya. Alikuwa amesema kwamba mkewe hajalala usingizi wa maana tangu ajifungue, na safari hii neno lake lilisikika na likaandikwa. Hakuna aliyevunja mkataba.

Lakini hayo yalijulikana baadaye. Jumamosi asubuhi, wakalimani walipokusanyika katika ukumbi mdogo wa kanisa waliouazima, bado hakuna aliyejua kliniki zingesema nini, na Venance alikuwa amelala vibaya. Polycarpe aliketi mbele kabisa, laptopu yake yenye selotepu magotini kama shahidi.

Eliaichi alisimama, akawaeleza yaliyotokea, kisha akaingia kwenye lile waliloitiwa.

"Mnataka kujua kama kompyuta hii inawafaa," alisema. "Nitawaambia nilivyoiona. Ni kitu kizuri. Kuandikia, sijawahi kutumia nzuri zaidi. Mnaotafsiri nyaraka, mikono yenu itaishukuru. Mnaosafiri, kama wewe Polycarpe unayetoka mahakamani kwenda shule na kurudi, itakaa na umeme mpaka urudi nyumbani, na bega halitakuuma. Skrini yake ndiyo iliyoniokoa jana, sitaisema vibaya. Lakini wewe unayekaa chumbani kwako siku nzima, umechomeka ukutani, wepesi utaufanyia nini? Wewe unahitaji kompyuta imara yenye matundu ya kutosha na hedifoni nzuri za waya, basi. Na yeyote atakayepewa hii, kabla hajafanya nayo kazi, uchujaji wa sauti inayoingia unazimwa. Si ombi. Ule wa sauti inayotoka ubaki, hapo Venance yuko sahihi. Daktari hana haja ya kumsikia mbwa wako."

Watu walicheka kidogo.

"Kwa hiyo ni ndiyo au hapana?" mwanamke mmoja wa Columbus aliuliza.

"Ni ndiyo kwa wachache na hapana kwa wengi. Wanaouza wanasema wataalamu kana kwamba ni mtu mmoja mwenye kazi moja. Mimi ni mtaalamu, Polycarpe ni mtaalamu, wewe ni mtaalamu, na hatufanyi kazi ileile hata kidogo."

Polycarpe aliinua mkono. "Mama Eliaichi, mi niko kati ya wachache ao wengi?"

"Wewe uko kati ya wachache, baba Polycarpe. Hiyo yako izike."

Safari hii walicheka sana, na Polycarpe mwenyewe akaipiga pambaja ile ya selotepu. Baada ya hapo Venance alisimama. Alisema alikuwa ameipenda mashine kabla ya kuuliza kazi inataka nini, na kwamba Jumatatu atamwambia muuzaji ampunguzie idadi. Hakulisema kwa furaha, lakini alilisema mbele ya watu, na Eliaichi aliheshimu hilo.

Baada ya mkutano, wengine wakikunja viti, alimfuata kando ya mlango.

"Dada, sitaki tena kununua kitu nikiwa peke yangu. Kuanzia sasa vifaa vyote vipite kwako. Uvijaribu, useme. Nitakupunguzia zamu."

Eliaichi alitazama mlangoni kwanza. Nje jua la Buffalo lilikuwa limetoka, watu wamevua makoti na kuyabeba mikononi.

"Nitakubali," alisema, "lakini zamu usinipunguzie hata moja. Nikikaa ofisini najaribu mashine tu, nitaanza kuzipenda kama wewe."

Venance alicheka, akampa mkono. Wakashikana kwa nguvu, kisha wakaingia ndani kumalizia viti.